Jani la Tatu Kutoka Juu

Kililetwa ndani ya kisanduku chenye sponji,
kidude kama kibanio cha nguo kilichonenepa,
na Nanyaro, msimamizi, akatwambia: hiki kina jicho.
Bana jani, subiri mlio, andika namba.
Ndewario akakibana kwenye sikio lake.
Kikalia tii, kikatoa vistari viwili vitupu.
Tukacheka mpaka meza ya sita.

Miaka kumi na tisa nasoma majani hapa Usa River.
Najua njano ya njaa inavyoanzia chini,
majani yaliyozeeka yakiwapisha wadogo wale kwanza,
kama mama anayesema nimeshiba, nilionja jikoni.
Na sisi hatuuzi maua.
Tunauza vipandikizi vya krisantemu,
vidole vya kijani visivyo na mizizi, mia kwa mfuko,
vinapanda ndege kabla ya kuchanua.
Sijawahi kuliona ua la nilichokilea.
Jani ndilo uso wake kwangu.

Kwa hiyo namba iliniuma.

Zamani ilikuwa Jumanne.
Jumanne mbolea, iwe mvua iwe jua,
pampu ikivuma, nitrojeni ikishuka kwenye mipira
kwa aliyeshiba na aliyelala njaa, sawasawa.
Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza:
sisi tuliwalewesha wote.
Majani yakawa mazito, kijani cha chupa.
Wageni wakasifu. Vidukari navyo vikasifu.
Shina likalainika kama ndizi iliyopitiliza,
na kule nje ya uzio, mfereji unaoshukia kwa akina Akyoo
ukaota utelezi.

Jani la tatu kutoka juu. Futa umande.
Usibane mshipa wa katikati.
Taa nyekundu hupenya, jicho huhesabu kilichovuka.
Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Arobaini na mbili.

Taa hiyo nilikuwa naijua.
Hospitali ya Mount Meru, wodi ya wanawake, usiku,
ilibana kidole cha mama yangu.
Nesi aliitazama namba. Mimi nilimtazama mama,
nikasema, leo ana rangi nzuri.
Nesi akasema themanini na mbili, akaukimbilia mtungi.
Rangi nzuri ilikuwa ya balbu.
Mama alirudi nyumbani, akavuna mahindi mara mbili tena.

Basi kwenye kitalu cha nne, niliposema hawa wana njaa
na kidude kikasema arobaini na nne,
sikubisha sana. Nilitoka na jani moja mkononi,
nikalishika juani. Kijani kabisa.
Plastiki ya paa ndiyo iliyozeeka ikawa njano,
na macho yangu yakavaa rangi yake.

Lakini kitalu cha tisa, meza ya mwisho, ishirini na nane.
Nanyaro akasema, ongeza.
Nikang'oa mche mmoja.
Mizizi ya kahawia, laini, inanuka kama kitambaa
kilichosahauliwa kwenye ndoo.
Huyu hajakosa chakula, nikamwambia. Hawezi kumeza.
Nanyaro alinusa, akageuza uso.
Tukafunga maji ya meza ile.

Jumanne iliyopita pampu haikuwaka.
Niliinua kichwa nikidhani umeme umekatika.
Ndewario naye alisimama na mkasi wake hewani.
Ilichukua muda kukumbuka kwamba hakuna aliyehitaji kulishwa.

Daftari lina safu ya tarehe, safu ya meza, safu ya namba.
Pembeni, pasipo na safu, nimeandika kwa penseli:
paa la nne libadilishwe.
Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi:
mfereji, nani anaupima?