Hakuna Dereva Anayefaa

Saa tisa na robo usiku, karakana ya tramu, Ostrava.
Theluji imelala juu ya reli kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimekodolea macho sentensi moja nyekundu:
Hakuna dereva anayefaa.

Nyuma yangu wamesimama madereva kumi na wawili.

Drahomíra, miaka ishirini na sita kwenye njia ya nne,
anaisoma kwa sauti, neno kwa neno,
kisha anawageukia wenzake: "Mmesikia? Hatufai."
Wanacheka hadi chai inamwagika.
Mimi sicheki. Mimi ndiye niliyehamisha seva.

Jioni nilihama na kila kitu, kama mtu anayefukuzwa na mwenye nyumba:
programu, ratiba, mafurushi ya data ya miaka tisa,
na ule mtungi mdogo, faili la dereva,
ambao bila huo Java na hifadhidata
ni majirani wasiojuana hata kwa salamu.
Nikauweka rafuni na mingine. Naapa niliuweka.
Natazama: upo. Jina lake ndilo. Uzito wake ndio.
Nawasha.
Hakuna dereva anayefaa.

Kuwepo si kuonekana.
Java haizunguki nyumba ikipapasa makabati;
hupita njia uliyoiandikia,
hubisha mlango ulioutaja,
na usioutaja, kwake ni ukuta.

Nikajaribu kuiita programu kwa mtungi wake yenyewe:
ikaziba masikio, njia yote niliyoipa ikaipuuza.
Nikamnakili dereva mara tatu, mahali patatu,
kama anayebandika matangazo ya paka aliyepotea.
Radovan wa zamu akaniletea mkate wa kisibiti.
Saa kumi kasorobo, simu ya msimamizi.
Sikuipokea.

Ndipo nikaifuata ile njia kwa kidole, herufi kwa herufi,
nikiacha alama za siagi kwenye kioo.
Seva ya zamani ilitenga majina kwa nuktamkato.
Hii mpya inataka nuktapacha.
Nilizibadilisha zote, nakumbuka vizuri, kumi na saba.

Kumi na sita.

Ya mwisho, mlangoni kabisa pa dereva, ilibaki na mkia,
na Java ikayasoma majina mawili kuwa jina moja refu
la faili ambalo halijawahi kuzaliwa,
ikaliruka. Haikukemea. Haikuguna.
Laiti ingeguna!
Usiku mzima niliutafuta ugonjwa kwenye mifupa
kumbe mwiba uko kwenye ukucha.

Nikaukata mkia. Nikawasha.
Ratiba ikashuka kwenye skrini, safu baada ya safu,
majina, magari, saa za kutoka,
nikainuka na kiti kikaanguka: "Jamani, tayari!"

Ukumbi ulikuwa mtupu.
Vikombe vimepangwa dirishani. Radovan anapiga deki.
Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, iliyotundikwa kinyume,
kuna mwandiko wa Drahomíra kwa kalamu ya risasi:
nani, gari lipi, njia ipi, saa ngapi.
Wametoka saa kumi na nusu, kwa wakati.

Nikaisogeza kalenda karibu na skrini, nikalinganisha.
Zilitofautiana mahali pamoja tu.
Yangu ilimpa Bohumil njia ya nane.
Bohumil alistaafu Oktoba.