Mshiriki wa Sitini na Tatu

Chumba kiko juu, ghorofa ya pili, si mbali na mnara wa saa.
Zamani kilikuwa stoo ya magunia ya kahawa;
vumbi lake bado limelala kwenye mianya ya mbao
na washiriki wengine hupiga chafya katikati ya sentensi,
nami huandika pembeni: chafya, lisihesabiwe.

Kazi yangu ni kuwavisha hedifoni,
kuwaonyesha kitufe cha kijani na kitufe chekundu,
kuwaambia, "Hakuna jibu baya, shangazi,"
huku mashine ikipima kusita kwao
kwa sehemu ya elfu ya sekunde.

Sentensi ni arobaini na nane. Nimezisikia hadi zimechujuka,
kama neno ulitafunalo mara mia:
kikombe, kikombe, kiko, mbe.
Nyingi ni za kujazia. Mbuzi amekunywa maji. Fundi ameshona sare.
Katikati yake tumeficha kumi na mbili
zenye mlango wa mbele na mlango wa uani:

Mwalimu aliyemsubiri mkaguzi alikasirika.

Nani alimsubiri nani?
Kijani, mwalimu. Nyekundu, mkaguzi.

Wengi hawajui hata kwamba wamechagua.
Kidole kinashuka kabla wazo halijavua viatu.
Muuza mitumba wa Kiborloni: nusu sekunde.
Kijana wa chuo cha ushirika: pungufu ya hapo, jicho kwenye simu.
Dakta Mariki, mwenye mradi, anafurahi;
mchoro wake unapanda kwa adabu, kama ngazi za benki.

Alhamisi ile ya mvua alikuja Bi Ndeshimona,
udongo wa Uru ungali kwenye raba zake.
"Hela ni kabla au baada?"
Baada, nikamwambia. Elfu tano na mche wa sabuni.
"Haya, washa."

Akaenda vizuri. Kijani, kijani, nyekundu, mkono mwepesi
wa mtu aliyechambua maharage maisha yake yote.
Mpaka ya thelathini na moja:

Mama aliyemwacha baba alirudi Jumapili.

Kidole kikabaki hewani.
Mvua juu ya bati.
Sekunde mbili.
Honi moja, ndefu, chini barabarani.
Nne.
Kwenye sita mashine hukata tamaa, huandika nukta.

Akavua hedifoni. "Rudia."
Kanuni hairuhusu kurudia.
Nikarudia.

"Anayeuliza ni nani?"
Mashine, nikasema, na nikaona haya kusema hivyo.

"Basi iambie, hiyo sentensi haijakosewa.
Kwetu tuliisema vivyo hivyo miaka kumi na mmoja.
Kila upande wa ukoo ulichukua mlango wake
ukapita, ukaketi, tukala pamoja.
Hata mchungaji aliisikia, akasema amina.
Unadhani hatukujua nani alimwacha nani?
Kuna nguo, mwanangu, hushonwa
ili mshono usionekane."

Kisha akabonyeza vitufe vyote viwili, kwa mpigo,
kama mtu anayefunga mlango wa kabati kwa viganja.
Mashine ikaguna: kosa.
Akahesabu noti, akanusa sabuni, akashuka ngazi.

Jioni nasafisha data. Kanuni ni fupi:
zaidi ya sekunde sita, futa.
Watu sitini na wawili wamepanga mstari, mmoja ni nukta.
Kidole changu juu ya kitufe;
sikujipima, lakini chai ilipoa.

Mwisho nikaiacha. Kwenye safu ya maelezo,
ambapo huwa naandika chafya, simu iliita, umeme umekatika,
nikaandika:

Mshiriki aliyemjaribu msaidizi aliondoka saa saba na robo.

Dakta Mariki ameisoma mara mbili.
Hajauliza kitu.