Ukutani kwa Nyamizi

Sikonge, saa nne asubuhi, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Nimeuliza nyumba ya zamani ya wanzuki,
mtoto akaninyooshea kidole juu, kwa nyuki:
"Wanakokwenda wao, ndiko."

Kweli, wamejaa mlangoni
kama wadai waliopata habari.

Nyamizi binti Mihambo hakuniuliza nimetoka wapi.
Alifungua chumba ambacho mama wa mama yake
alikikandika mwaka wa nzige
kwa tope lililochanganywa na masega makavu.
Hadi leo ukiegemea ukuta
bega linanata kidogo.

Mitungi sita. Wa saba ulipasuka,
sasa hutagia kuku.
Akanitajia mmoja mmoja kwa maua yaliyoulisha:
huu wa myombo, huu wa mtundu,
huu wa mwaka ule mvua ilipokosea njia.
"Huo wa pembeni usiuguse. Bado unasema."
Nikainamisha sikio.
Ndani, mtu alikuwa akihesabu sarafu gizani.

Chachu haijawahi kununuliwa.
Imo kibuyuni, kibuyu hakioshwi;
kila pombe hulala na masalia ya jana yake.

Akanimiminia.
Kwanza moshi,
kisha gome la mzinga,
kisha utamu, umechelewa,
kama mgeni anayepiga hodi akiwa keshaketi.

Macho yakazoea giza, nikaona mkaa ukutani:
mistari, safu kwa safu,
na juu ya kila safu picha badala ya jina.
Jembe. Kofia. Samaki. Baiskeli.

"Baiskeli ni nani?"
"Kapaya, mpima tumbaku.
Akishalewa alikuwa anaisukuma
na kuisemesha njia nzima.
Alikuja Jumamosi moja, basi."

Sikumwambia kitu.
Alinitazama pua, akanitazama tena,
akaketi kwenye kigoda pole pole.

Nikahesabu: kumi na saba
chini ya gurudumu la baba yangu.

Nikatoa simu nilipe yote, na changu juu yake.
Nikaiinua mlangoni, nikaiinua uani, mtandao hakuna.
Nyamizi akacheka hadi akashika mbavu.
"Naye alikuwa na maneno yake ya hivyo hivyo."

Akaokota kipande cha mkaa,
akachungulia kikombe changu kama kimeisha,
akachora wa kumi na nane
palepale, chini ya baiskeli.