Penye Nyota Nyekundu Ni Lazima

Walituletea vishikwambi vinne ndani ya boksi la biskuti.
Kimoja kilifika kioo kina ufa.
Tukakiita Mzee, kikapewa dirisha langu.

Kabla yake tulikuwa na kaunta buku
zilizofungwa kwa kamba ya katani,
na mende waliokula Machi yote ya mwaka juzi.
Mgonjwa alikuja na daftari lake la shule,
presha yake tukaiandika
chini ya saba mara nane.

Sasa nagusa kioo kwa kidole chenye harufu ya spiriti,
nakiuliza, nacho kinaniuliza.

Jina la kwanza. Nyota nyekundu.
"Ana siku tatu tu," anasema Mwamvita,
"kwetu jina ni siku ya saba, na baba yake bado anatafuta mbuzi."
Kishikwambi hakijui akika.
Hakisogei.
Naandika: Mtoto wa Mwamvita.
Wapo kumi na mmoja humo ndani,
Mtoto wa, Mtoto wa, Mtoto wa,
wanasubiri mbuzi.

Tarehe ya kuzaliwa. Nyota nyekundu.
Bibi Sikujua Pazi anacheka mpaka anakohoa.
"Mahindi yalikuwa machanga, mwanangu.
Sisi hatukuandikwa, tulikumbukwa."
Naweka tarehe moja Januari,
kama nilivyomwekea marehemu mumewe,
na wifi yake, na muuza kahawa wa pale kona.
Mwaka mpya ukiingia
wazee wote wa Kigogo wanazaliwa kwa mpigo,
na hakuna hata keki.

Sikuvipenda, niseme kweli.
Umeme ulikatika saa nne asubuhi,
tukachaji kwa betri ya bodaboda ya Fanueli.
Mtandao ulipatikana juu ya benchi tu, karibu na dirisha,
nami nikasimama pale, mkono juu,
kama mtoto anayejua jibu.
"Sista, imekataa?"
"Inafikiria."

Kisha Aprili.
Msimbazi haukupiga hodi.
Uliingia masjala, ukapanda rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kaunta buku zikavimba kama mikate,
wino ukarudi kuwa maji.
Tulizianika juu ya bati siku nne.
Tulipozifungua
hazikutujua.

Siku ya tisa akaletwa Bibi Sikujua
mgongoni mwa kijana wa jirani,
kifua kinapiga filimbi,
daftari lake limekwenda na mto, pamoja na godoro.
Mganga mgeni, Kamugisha, sindano iko tayari.
Nikamfungua Mzee.
Ufa ulipita katikati ya jina lake:
Sikujua | Pazi. Tarehe moja Januari.
Mzio: penisilini.

Kamugisha akairudisha sindano kwenye sinia,
taratibu, bila neno.

Niliyeandika ni mimi,
Jumanne moja, kwa uvivu, huku nimenuna,
kwa sababu nyota ilinilazimisha.

Lakini usiku huo niliikumbuka penseli ya Sista Edina,
Mungu amrehemu,
vijineno vyake pembeni mwa kurasa zilizozama:
*Huyu asiulizwe mbele ya mkwewe.*
*Huyu atasema amekula. Hajala.*
Hayo hayana nyota.
Hayo hayana hata swali.

Chini kabisa, ukiburuta kidole hadi mwisho,
kuna kisanduku kimoja kitupu,
Maelezo mengine, herufi mia moja na sitini,
ambacho mwaka mzima sikuwahi kukigusa.

Nikaandika:
*Anaishi peke yake, chumba cha uani.
Akisema hajambo, muulize tena.*

Herufi zilibaki.
Betri asilimia sita.
Nikabonyeza Hifadhi,
nikavua viatu,
nikapanda juu ya benchi, mkono juu.