Namba Arobaini na Nane

Jumatano Mwalimu Mshiu alichora kengele ubaoni,
chaki ikakatika pale juu kabisa, kwenye wastani.
"Mtawanyo wa kawaida," akasema, na darasa zima likanakili
kama watu wanaonakili tangazo la msiba.
Nilipata kumi na tisa kwa hamsini.
Mkengeuko sanifu niliusikia kama jina la dawa ya minyoo.

Jumamosi, soko la Memorial, saa kumi na mbili asubuhi,
shangazi Nakijwa anakata kamba za belo kwa kisu cha ndizi.
Viatu vya wanaume, jozi mia. Harufu ya kabati la watu nisiowajua.
"Panga kwa namba, na midomo ije kwangu."
Napanga juu ya turubai, jozi juu ya jozi,
thelathini na nane kushoto, tunaenda kulia:

moja.
Nne.
Kumi na moja.
Ishirini na moja.
Za arobaini na mbili ishirini na sita, zinaporomoka, nazizuia kwa goti.
Halafu ishirini. Kumi na mbili. Tatu.
Ya arobaini na sita moja tu, buti lisilo na kamba.

Nikarudi nyuma hadi kwa muuza maparachichi,
nikaona.
Si Kibo; Kibo kichwa chake bapa, na Mawenzi imechanika.
Ni kichuguu cha ngozi na raba, kimepanda taratibu,
kikatulia, kikashuka karibu vile kilivyopanda,
na hakuna aliyekiamuru.
Walivivua watu wasiojuana, kila mmoja na lake,
huyu kanenepa, yule kafa, mwingine kachoshwa na rangi,
na miguu yao ikaafikiana namna ya kurundikana.

"Umesimama kama nguzo ya umeme," shangazi akasema.
Nikamwonyesha: wastani huu hapa.
Namba moja na nusu huku, moja na nusu kule,
ndani yake theluthi mbili ya wanaume wote wa belo hili.
"Hilo nalijua kabla hujazaliwa.
Ya arobaini na mbili inalipa kodi ya meza.
Ya arobaini na moja ndiyo ada yako."
"Na hii?"

Ilibaki jozi moja pembeni, nyeusi, nzito kama bloku.
Arobaini na nane.
Nikafungua jedwali la nyuma ya kitabu, tarakimu kama mchwa.
Mikengeuko minne kutoka katikati.
Watatu katika laki.
"Iuze kwa bei ya ndara, shangazi. Huyo mtu hayupo."

Akaipaka mafuta ya mgando, akaitundika msumari wa juu.
"Huo mstari wako, huko mwisho, unagusa chini?"
Nikakumbuka ubao. Haugusi.
Unainama, unainama,
kama mgeni anayeona haya kukaa, na haukai.
"Basi yupo."

Masika yakaipitia pale msumarini, na vumbi la Agosti.
Za katikati zilikuja na kuondoka, belo kwa belo,
kichuguu kilekile, sikumbuki hata jozi moja.
Ile nyeusi naijua mpaka mishono.

Mwezi wa tisa akaja Eliufoo, fundi wa kupaua kutoka Uru,
ndara miguuni, visigino vikikanyaga udongo.
Hakuangalia rundo. Watu kama yeye huangalia misumari.
Binti yake anaolewa Jumamosi, akasema,
na madukani wanamjibu, mzee, wewe si saizi ya kawaida.
Shangazi akaishusha kama anayepokea mtoto.

Kushoto ikaingia.
Kulia, kidole gumba kikagoma.

"Wa kulia huwa ni arobaini na tisa,"
akasema, kama anayeungama.
Shangazi tayari anatafuta spiriti na kipande cha mti cha kupanulia,
nami, kalamu mkononi, nageuza kurasa,
natafuta jedwali linaishia wapi.