Taka za Ukumbi wa Kwanza

Majaji sijui wanapima nini. Mimi ni wa ufagio,
napima mifuko.
Ukumbi wa Kwanza, tangu ianze kesi ya daktari wa meno,
hunipa mifuko minne kila jioni:
maganda ya lozi, vikombe vya kahawa, sindano ya kufumia,
na magazeti, magazeti,
yote yana uso wa Graciete.

Picha ni ile ile. Yuko kwenye ngazi za kanisa, harusi ya watu,
gauni la kijani, mkono umeshika kofia isipeperuke.
Anacheka na mtu ambaye picha imemkata.
Mji mzima wa Beja unataka kumjua aliyekatwa.

Wanasema ni jamu ya tini.
Kijiko kimoja, mkate wa moto, Jumapili.
Nani hana chupa ya jamu kabatini?
Nani hajamtazama anayemmegea mkate
akajiuliza, kufumba na kufumbua tu,
huyu hasa ni nani?
Basi wanapanga foleni tangu alfajiri, na viti vya kukunja,
wamwone mume wa mtu
ili wakirudi wawe na hakika na wao.
Dona Benvinda wa duka la vitambaa
huniambia anafuata haki.
Haki! Na darubini ya marehemu babake shingoni.

Ukumbi wa Pili uko mkabala.
Kijana alichuma matunda kwenye mahema ya plastiki,
akadai mshahara wa miezi miwili,
msimamizi akampiga sepetu.
Hakuna fumbo. Muuaji alisema, Ni mimi.
Sepetu iko mezani, imefungwa kikaratasi cha namba.
Picha ya marehemu ni ya kibali cha kazi:
masikio yote yaonekane, usicheke.

Anayehudhuria ni mmoja, kaka yake, katoka Nepali.
Benchi la tatu, kofia magotini.
Siku ya kwanza nilikuta chini yake karatasi ya biskuti
imekunjwa mara nne, ndogo kama stempu.
Siku ya pili hata hiyo aliondoka nayo.
Nikifagia humo, nafagia vumbi la viatu vyangu.

Nami nikiri. Jana nilinunua gazeti.
Najua gauni la Graciete lina vifungo saba.
Jina la kijana, ili niliandike hapa,
ilibidi nirudi kulisoma mlangoni: Tek Bahadur.
Na usiku, kabla ya kupaka jamu, niliinusa.
Mume wangu aliniona.
Hakusema neno. Akanusa yake.

Leo kaka mtu alinikuta koridoni na mifuko yangu,
akabeba miwili hadi kwenye pipa,
Graciete akitucheka ndani ya plastiki.
Akauliza, kwa Kireno cha kuokoteza,
kama kesho pia ni saa tatu.
Ndiyo, nikamwambia, saa tatu.
Kisha mdomo, kwa mazoea, ukaongeza:
uwahi, usije ukakosa kiti.