Chupa ya Ilka

Baridi kwanza. Ilka huyalaza maji nje usiku kucha,
kwani maji vuguvugu hayashiki gesi
kama mlevi asivyoshika siri.

Asubuhi, Komló, theluji dirishani,
huijaza chupa, si pomoni:
hewa nayo yataka pa kukaa.
Hukaza kifuniko, hupachika kirisasi.
Shhhh!
Paka huyo, chini ya meza.

Hutikisa mara kumi na mbili. Dezső ndiye aliyekuwa akihesabu,
kabla vumbi la mgodi halijamla mapafu,
kabla hajaanza kuhesabu pumzi zake mwenyewe.

Leo amemimina bilauri mbili. Mazoea.
Ya kwanza inamchoma pua, anacheua, anacheka peke yake.
Ya pili anaitazama
mpaka kiputo cha mwisho kinapanda,
kinasita ukingoni.

Maji matupu sasa.
Anaumwagilia mnanaa.